Dhahabu ya mesa ya mufalme na moshi wa zebaki

Ku jumba la wafalme la Versailles, pembeni ya muji wa Paris, kuko mesa moja ya kuandikia yenye ilikula miaka tisa ya kazi. Mufalme Louis XV aliiagiza mwaka 1760. Fundi wa kwanza, Jean-François Oeben, alikufa mwaka 1763 bila kuimaliza. Kijana mwenye alikuwa anatumika kwake, Jean-Henri Riesener, akashika kazi, akaoa na mujane wa patron wake, na mwaka 1769 mesa ikaingia mu chumba cha mufalme. Ni mesa ya akili sana. Kifuniko chake kinajikunja kama mukeka, na funguo moja tu, ukiizungusha kidogo, inafunga kifuniko na droo zote mara moja.

Wageni wenye kupita pale wanashangaa mbao: maua na vyombo vyenye vilichorwa na vipande vidogo vya mbao za rangi mbalimbali, kama picha. Sawa. Lakini mutu wa chantier, mwenye amezoea kutafuta rangi ya manjano mu matope, jicho lake litaenda fasi ingine. Litaenda ku majani, sura za watu, vinara vya mishumaa na ile saa ya pande mbili kule juu. Vyote vinangaa kama dhahabu. Na ni dhahabu kweli. Ila ni ya juu tu, nyembamba kuliko karatasi. Chini yake ni shaba yenye kuchanganywa na zinki ao na étain, bronzi kama wanavyosema.

Sasa ulizo ni hili: dhahabu ilishikamana namna gani na ile bronzi, hata miaka 250 imepita na haijatoka? Hawakutumia kole. Hawakuiyeyusha na kuimwanga juu. Walitumia zebaki, ile mercure yenye wachimbaji wa dhahabu wa Kamituga na wa Mongbwalu wanaijua sawa vile wanajua sahani yao ya chakula. Kazi ilikuwa ni ile ile: zebaki inakamata dhahabu, moto unafukuza zebaki, dhahabu inabaki. Na ugonjwa ulikuwa ni ule ule. Wafaransa walizika mafundi wengi mbele ya kukubali kujenga chimney ya muzuri. Njo habari yenye tunataka kuwaelezea leo, ndugu wa ma-puits na mama wa manyumba, juu inawagusa ninyi kuliko inavyowagusa wale wenye kununua mesa kama ile.

Meubles za argent zenye zilirudi mu moto

Tuanze mbali kidogo. Louis XIV, mwenye Louis XV alikuwa kitukuu wake, hakutaka dhahabu ya juu juu. Yeye alitengenezewa meubles za argent yenyewe: mesa, viti, vinara, hata mapipa makubwa ya kupandia miti ya machungwa. Fikiria kiti chenye unaweza kukipima ku balansi na kukiuzisha kwa kilo. Na njo vile ilifika. Mwisho wa mwaka 1689 vita ilikuwa imekula feza ya serikali, na mufalme akaamuru vyote viyeyushwe. Tani karibu 20 ziliingia mu moto. Alipata livres karibu milioni 2, chini sana ya feza yenye ilitoka mbele kwa kuvitengeneza. Mikono ya mafundi haikuhesabiwa. Walipima uzito, basi. Mutu mwenye amekwisha kusimama mbele ya balansi ya négociant anaelewa bila kuelezewa zaidi.

Nyuma ya pale, bronzi ya kupakala dhahabu ikachukua nafasi kubwa mu manyumba ya wakubwa. Inangaa sawa na dhahabu, inalinda kona za mbao zisivunjike, na haina faida kubwa kwa mwenye kutaka kuiyeyusha. Mu miaka ya 1700 hakukuwa jumba la tajiri mu Paris lenye halikuwa na kitu cha namna hii: saa ya kuweka juu ya chimney, vinara, mishikio ya droo, miguu ya kabati.

Kila fundi alikuwa na chama chake na mupaka wake. Wa mbao ni wa mbao. Wa kumwanga bronzi mu kalibu ni wengine. Wa kupakala dhahabu, wale wanaitwa doreurs, ni wengine tena. Fundi mbao Charles Cressent alijaribu kufanyia kazi ya bronzi mu atelier yake mwenyewe, apate kuangalia ubora kwa macho yake, na wale wa chama cha bronzi wakamushitaki mara na mara. Unaona, mambo ya kugawana fasi na kukatazana kazi haikuanza ku chantier yetu.

Namna walikuwa wanafanya

Fundi wa dhahabu anapokea kipande cha bronzi chenye kimekwisha kuchongwa na kusafishwa. Anakipasha moto, anakitia mu asidi mupaka uchafu wote unatoka. Pembeni, anatayarisha dawa yake: anachukua dhahabu safi yenye kukatwa vipande vidogo, anaipasha mu chungu cha udongo mugumu, anaongeza zebaki. Kipimo chenye kiliandikwa ni sehemu 1 ya dhahabu kwa sehemu karibu 8 za zebaki. Inakuwa kitu kilaini kama siagi. Kisha anaikamua mu ngozi nyembamba ya munyama. Zebaki yenye imezidi inapita mu ngozi, na ndani kunabaki kibonge cheupe. Ninyi munakamua mu kitambaa, wao walikamua mu ngozi. Tofauti ni hiyo tu.

Hapo anachukua burashi ya nyuzi za shaba ya manjano. Anaichovya mu zebaki yenye kuyeyushwa mu asidi, anapakala bronzi yote mupaka inakuwa nyeupe, juu dhahabu haitashika fasi yenye haikupakalwa. Kisha anapakala kile kibonge, kidogo kidogo, kwa uangalifu, ndani ya kila jani na kila ua.

Sasa ni zamu ya moto. Babula ya makala, kipande kikishikwa na koleo, fundi anakigeuza geuza juu ya moto, anakitoa, anakisugua na burashi ndefu ili dhahabu isirundamane fasi moja, anakirudisha. Zebaki inachemka ku digri 357, na makala ya kawaida inapita pale bila shida. Inaondoka mu hewa. Haina rangi. Haina harufu. Ile rangi nyeupe inageuka polepole kuwa manjano, na ni pale uso wa fundi unakuwa karibu zaidi na moto, kwa sababu anaangalia. Kazi ya muzuri ilirudiliwa mara mbili, mara tatu, kama mwenye kuagiza alitaka dhahabu nene.

Mwisho ni kungarisha. Fasi zenye zinapaswa kungaa kama kiyoo, zinasuguliwa na jiwe gumu: agate, ao hématite, ile yenye Wafaransa wanaita jiwe la damu, na yenye si kitu kingine ila ni udongo wa chuma wenye kukomaa. Fasi zingine zinaachwa bila kungaa, laini kama ngozi ya tunda: wanafunika na muchanganyiko wa chumvi, alun na salpêtre, wanapasha mupaka inayeyuka, wanatumbukiza yote mu maji baridi, tshwii. Fundi mwenye jina lake liliendana na namna hii ni Pierre Gouthière, muzaliwa wa 1732, mwenye alikuwa patron wa kupakala dhahabu tangu 1758. Kazi yake, hata leo wenye kujua wanainama karibu kabisa kuiangalia, na wanakosa maneno.

Na Gouthière alilipwa? Hapa tuseme kidogo, juu ni habari yenye wasomaji wetu wanaijua mwili muzima. Wateja wake walikuwa watu wakubwa wa ufalme, kama vile bibi du Barry, mwenye mufalme alikuwa anamupenda. Waliagiza, walipokea, walichelewesha. Yeye alikuwa ananunua dhahabu na feza yake, analipa watu wake kila juma, na deni la wakubwa linapanda. Mwaka 1787 akaanguka kabisa: faillite. Mwaka 1793 Mapinduzi ikakata kichwa cha bibi du Barry, na deni lile likawa la kufuatilia mu matribinali. Gouthière alikufa masikini mwaka 1813. Vyombo vyake viko leo mu ma-musée, mu viyoo, na walinzi pembeni.

Mikono yenye kutetemeka

Sasa ugonjwa. Munganga mumoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika mwaka 1700 kitabu kizima juu ya magonjwa yenye kutoka mu kazi. Alikuwa na desturi yenye waganga wengi hawakuwa nayo: kumuuliza mugonjwa anatumika kazi gani. Wapakaji wa dhahabu wako mu kitabu chake. Hawakawii, kichwa kinaanza kuzunguka, pumzi inakuwa fupi, viungo vinalegea, uso unakuwa kama wa maiti. Kitabu kilitafsiriwa mu Kifaransa mwaka 1777, na munganga Fourcroy. Kwa hiyo wakati mesa ya Louis XV ilikuwa bado mupya, mu Paris hakuna mutu mwenye kusoma mwenye angeweza kusema hakujua.

Mambo yanaanza polepole. Ufizi unavimba, mate inajaa mu kinywa, meno inalegea. Mutu anakuwa na hasira bila sababu, ao haya, anakimbia watu, usingizi unapotea. Kisha vidole vinaanza kucheza. Kwanza kidogo, kalamu tu haitulii. Kisha mukono muzima, kisha midomo, kisha miguu. Mufikirie: hawa ni watu wenye mukono wao njo shamba yao. Fundi mwenye alikuwa anaweza kufuata musipa wa jani na burashi, sasa hawezi kupeleka kikombe ku kinywa bila kumwanga.

Ku ma-chantier yetu utasikia: « Moshi haina kitu, banabeba tu na upepo. Babu yangu alichoma, miye ninachoma. » Kweli, haianguki mutu siku ile ile. Hapo njo mutego. Zebaki yenye unavuta leo haikuangushi leo. Inaingia mu mapafu, inapita mu damu, inafika ku ubongo na ku figo. Na kwa mama mwenye mimba, inapita mupaka ku mutoto. Ile yenye haikuingia ndani ya mutu inashika ku ukuta, ku nguo, ku udongo wa sakafu, na inaendelea kutoka polepole siku zenye hakuna hata mutu mwenye anachoma. Ma-doreurs wengi walikuwa wanafanyia kazi mu vyumba vidogo, madirisha ya kufungwa juu ya baridi. Wake na watoto walikuwa wanavuta hewa ile ile.

Tuseme pia, mupana kidogo, juu ya saa fulani zenye zilitoka mu kazi hii. Mwaka 1799 fundi wa bronzi Jean-Simon Deverberie aliandikisha michoro ya saa zenye ziliitwa « l'Afrique » na « l'Amérique ». Juu ya « l'Afrique » kunaikala mwanamuke mweusi, upinde mu mukono, manyoya ku kichwa. Nguo na mapambo yake vimepakalwa dhahabu. Mwili wake haukupakalwa. Bronzi yake iliachwa na rangi nyeusi ya dawa, na macho ikawekwa ya enamel nyeupe, inakuangalia. Matajiri wa Paris walizipenda sana saa za namna ile. Ufaransa ilikuwa imekataza utumwa mu makoloni yake mwaka 1794. Napoléon akaurudisha mwaka 1802, na saa ziliendelea kuuzishwa mbele na nyuma ya pale. Sura ya Mwafrika ku salon ya bwana, mikono ya mufaransa masikini yenye kutetemeka nyuma yake. Kila mutu awaze yake.

Patron mumoja na franga 3.000

Antoine-André Ravrio, muzaliwa wa 1759, alikuwa mutengenezaji wa bronzi mwenye jina kubwa wakati wa Napoléon. Jumba za kaizari zilijaa vitu vyake. Alikuwa pia mutu wa nyimbo na vichekesho vya théâtre, mutu wa kupenda watu. Na alikuwa anaona: dhahabu ya duka lake ilikuwa inatoka mu atelier zenye watu wake walikuwa wanazeekea mbele ya wakati. Mwaka 1814 akakufa. Mu testament yake aliacha franga 3.000 kwa mutu yeyote mwenye atavumbua namna ya kupakala dhahabu na zebaki bila kudhuru mufanyakazi. Wakati ule mutumishi wa kawaida wa Paris alikuwa anapata franga 2 ao 3 kwa siku. Ilikuwa feza ya maana. Académie des sciences ikapewa kazi ya kuhukumu.

Mwenye alishinda ni Jean-Pierre-Joseph d'Arcet, mukemia mwenye alikuwa anapima ubora wa dhahabu na argent ku nyumba ya serikali ya kupiga franga. Mutu wa maabara, lakini hakuleta dawa ya siri wala mashini ya ajabu. Alileta chimney. Mwaka 1818 kitabu chake juu ya kazi ya kupakala bronzi dhahabu kilitoka, na zawadi ya Ravrio ikamuendea.

Tuelezee ile chimney muzuri, juu mutu mwenye mikono anaweza kuielewa. Shida ya chimney za zamani haikuwa kwamba hazikuwepo. Zilikuwepo. Lakini moto wa fundi ni mudogo, makala inawaka bila nguvu, hewa ya ndani ya chimney inabaki baridi, na hewa baridi haipande. Siku za upepo inashuka hata, inaleta moshi mu uso. D'Arcet akaweka moto wa pili. Pembeni ya meza ya kazi, jiko dogo lenye tube yake inaingia mu chimney ile ile, juu. Jiko hilo halipikie kitu. Kazi yake ni moja: kupasha hewa ya chimney, ipande na nguvu, na ikipanda inavuta nyuma yake hewa yote ya pale fundi anatumikia. Aliita « fourneau d'appel », jiko la kuita hewa.

Kisha akafunga mulango wa chimney. Mbele ya moto wa kazi, akatelemusha kiyoo cha fremu mupaka karibu na meza. Fundi anapitisha mikono chini, anaona kazi yake kupitia kiyoo, lakini kichwa chake kiko inje. Hewa inaingia kupitia ule mwanya mwembamba, inakimbia kuelekea moto, na haina njia ya kurudi. Unaweza kuhakikisha na moshi wa karatasi kidogo: uweke karibu na mwanya, na uangalie. Kama moshi unaingia ndani, tumika. Kama unarudi kwako, simama.

Zaidi ya hayo, zebaki haipotee yote. Ikikutana na ukuta wa chimney wenye ni baridi, inageuka tena kuwa matone. Kitu chenye kilikuwa kinaua fundi kilikuwa pia ni feza yenye kupotea mu hewa. Hiyo hesabu iligusa ma-patron wenye habari ya kifo haikuwagusa.

Msifikiri kwamba Paris yote ilibadilika siku moja. Moto wa pili unakula makala, na makala inauzwa. Patron mwenye kuhesabu kila franga anaona jiko lenye halipikie kitu, anaona hasara. Kiyoo kinachafuka, fundi anakipandisha ili aone muzuri, anasahau kukitelemusha. Zawadi ya Ravrio ilionyesha kwamba inawezekana, haikulazimisha mutu.

Wale wenye walichimba zebaki yenyewe

Kulikuwa na watu wengine mbele ya doreur, na gazeti la wachimbaji lisipowataja tutakuwa tumekosea heshima. Zebaki nyingi ya Ulaya ilitoka mu mine mbili: Almadén ku Uhispania, na Idrija, yenye leo iko mu Slovenia. Ku Almadén, kwa muda murefu, wafungwa na watumwa njo walipelekwa chini, kwa sababu mutu huru hakutaka. Ku Idrija, kulitetemeka wachimbaji wengi mupaka mwaka 1665 saa za kazi za chini zikapunguzwa, zikawa sita kwa siku. Sita, mwaka 1665. Ninyi wenye kushuka asubui na kupanda usiku, musome tena ile tarehe. Mine hizo mbili zimefungwa, na tangu 2012 ziko ku liste ya urizi wa dunia ya UNESCO. Tangu 2011 nchi za Umoja wa Ulaya zimekatazwa kuuzisha zebaki inje.

Kitu chenye kiliondoa zebaki mu ma-atelier mengi, mwishowe, ni courant. Mwaka 1840 binamu wawili wa Birmingham, ku Uingereza, ukoo wa Elkington, walipata brevet ya kupakala dhahabu na umeme: kipande kinatumbukizwa mu maji yenye dhahabu, courant inapita, dhahabu inakwenda kujishika. Ufaransa ilikuwa na Ruolz kwa kazi kama hiyo, na fundi-mufanyabiashara Charles Christofle akanunua haki za wote. Ni vizuri kujua kwamba mu ile maji mulikuwa sianire, sumu ingine kali. Lakini sumu yenye iko mu beseni unaweza kuichunga. Sumu yenye iko mu hewa inakuchunga wewe. Wataalamu wenye kutengeneza bronzi za zamani leo wanasema kwamba dhahabu ya umeme haina joto la rangi kama ile ya moto. Inawezekana. Sisi tunaona beyi ya ile joto ilikuwa kubwa mno.

Mambo ya leo

Mwaka 2013, ku Japani, mataifa walitia sini mapatano ya Minamata juu ya zebaki, na yakaanza kufanya kazi tarehe 16 agosti 2017. Kuko sehemu moja ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Inataja matendo manne yenye yanapaswa kuondolewa. Kutia zebaki mu mawe yote yenye kutwangwa, pahali pa kuosha kwanza na kuitia tu mu muchanga kidogo wenye uzito. Kuchoma kibonge ku moto wazi. Kukichomea mu fasi zenye watu wanaikala. Na kutia sianire mu muchanga wenye umekwisha kutiwa zebaki, bila kuitoa kwanza. Mutu wa Kamituga anajua yote ine kwa macho. Mama twangaises, wenye kupata vumbi la jiwe siku nzima, mara nyingi jioni wanapata na moshi, kwa sababu kibonge kinachomwa fasi yenye moto unapatikana, na moto unapatikana ku jikoni.

Kifaa chenye kinafanya kazi ya kiyoo cha d'Arcet kinaitwa retorte. Ni chungu kidogo cha chuma chenye kufungika kabisa, na tube moja inatoka juu, inainama chini. Kibonge kinawekwa ndani, moto chini. Zebaki inapanda, inapita mu tube, tube inapozeshwa na kitambaa chenye maji, na inatonya mu sahani. Inatumika tena. Soudeur yeyote mwenye kujua kazi yake anaweza kukitengeneza na vipande vya tuyau, kama kifuniko kinakaza vizuri. Kama kikundi kizima cha puits kinachanga, na PDG anatia yake, na négociant mwenye kununua ile dhahabu anatia yake, beyi inagawanyika. Ravrio alitia ya kwake.

Ila mambo manne. Retorte inatumikia inje, mbali na nyumba, upepo ukiwa unatoka nyuma yako. Mwisho wa tube usizame mu maji: moto ukipungua, chungu kinaweza kuvuta maji ndani, na maji mu chuma cha moto inapasuka. Usikifungue kingali na moto, hata kama négociant anangojea na anapiga simu. Na sufuria yenye ilishika zebaki, hata ukiiosha mara kumi na muchanga na sabuni, isirudi tena kupika bugali.